Maswali yenu kwa Bi Mkubwa: Cicely Tyson na kazi alizozikataa

Toleo lililopita msomaji wa Kwahani aliniuliza ni muigizaji gani wa Kimarekani ninayempenda kuliko wote. Nikamjibu kwa mstari mmoja: Cicely Tyson, yule aliyecheza mama yake Kunta Kinte katika Roots, ile tamthilia ya televisheni ya habari za utumwa. Basi, barua zikamiminika! Wengine wanataka habari zake, wengine wanataka kunisuta, na bwana mmoja wa Malindi anataka kusikia habari za mume tu. Kwa hiyo mwezi huu wanaouliza mapishi na mambo ya wakwe watanistahamilia. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilikuwa fundi wa nguo na mpambaji wa waigizaji katika kikundi cha Ng'ambo, kabla macho hayajagoma kutunga uzi. Ninayoyasema nayasema kwa jicho la mtu wa nyuma ya pazia.

*Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi ni msusi. Mteja wangu ananambia huyo Cicely Tyson alitokea kwenye televisheni ya Marekani na nywele zake za kipilipili, wakati hakuna aliyethubutu. Ni kweli au porojo za saluni? Msusi, Michenzani.*

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na wewe msusi una haki ya kuijua yote.

Marekani ya miaka ya 1950, mwanamke mweusi aliyetaka kazi ya kuonekana mbele za watu alinyoosha nywele kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto. Cicely alikuwa akipigwa picha za mitindo kwenye magazeti, na nywele zake zilikuwa hivyo hivyo, zimelala. Mwishoni mwa miaka hiyo akapewa nafasi katika mchezo wa kituo cha CBS, acheze mke wa Kiafrika. Jambo hilo likamkaa kichwani: mwanamke wa Afrika mwenye nywele za kuchomwa moto, katoka wapi? Akaenda Harlem, mtaa wa weusi wa New York, kwa kinyozi, kinyozi wa wanaume, akamwambia amkate zote zibaki fupi kabisa. Akaingia studio na kichwa kama alivyoumbwa nacho.

Mwaka 1963 akaingia katika tamthilia ya East Side/West Side, hiyo hiyo CBS. Alicheza Jane Foster, karani katika ofisi ya ustawi wa jamii New York, na George C. Scott akicheza mfanyakazi wa ofisi hiyo hiyo. Hapo ndipo alipoweka historia: muigizaji wa kwanza mwanamke mweusi kuwa na nafasi ya kudumu katika tamthilia nzito ya televisheni ya Marekani. Kila wiki anaonekana, kila wiki na nywele zake fupi. Wanawake wakaanza kumwiga. Na hapa wewe utacheka: alisimulia mwenyewe kwamba wenye saluni walimwandikia barua za malalamiko, wateja wao wamekata nywele na hawarudi tena kunyoosha! Tamthilia yenyewe ilidumu msimu mmoja. Vituo vingine vya kusini havikutaka kuionesha.

Miaka ya 1970 akaanza kutokea amesuka, misuko ya kulala kichwani ambayo bibi zetu wasingeshangaa nayo hata kidogo. Angekaa kwa msusi wa twende kilioni akasimama mtu mwingine. Na kama unayo nafasi, itafute ile tamthilia ya How to Get Away with Murder, ambayo Viola Davis anacheza wakili na Cicely anacheza mama yake, Ophelia. Wakati huo Cicely kishapita miaka 90. Kuna mahali wakili yule, na ubingwa wake wote wa mahakamani, anakaa chini katikati ya magoti ya mama yake, anachanwa kichwa. Anachanwa huku mambo mazito ya utotoni yanatoka. Wewe unajua kwamba mtu anayechanwa hawezi kumtazama anayemchana, na ndiyo maana siri hutoka hapo.

*Bi Mkubwa, salamu nyingi kutoka Pemba. Nina miaka 19, nimemaliza skuli. Nataka kuigiza. Kuna vijana wa hapa kwetu wanarekodi vichekesho kwa simu na wananiita. Mama anasema siku nitakayoonekana humo nisirudi nyumbani. Huyo bibi yako wa Marekani, mama yake alikuwa radhi? Binti, Wete.*

Hakuwa radhi hata chembe, mwanangu. Tena yeye alitimiza alichokisema.

Wazazi wa Cicely walitoka kisiwa cha Nevis, kule Karibi, kisiwa kidogo kuliko hata Pemba yenu. Wakahamia New York, na yeye akazaliwa huko Desemba 1924. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa asubuhi na jioni. Sinema ilikuwa marufuku. Kwake yeye, jumba la picha lilikuwa mlango wa kupotelea. Baba na mama walitengana, mama akalea kwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Cicely naye akazaa angali msichana mdogo, umri chini ya wako, akaozwa, ndoa haikukaa. Akawa na mtoto wa kike wa kumlea na kazi ya kupiga taipu katika ofisi za Msalaba Mwekundu. Siku moja akasimama kwenye meza yake akawaambia wenzake kwamba Mungu hakumuumba akae maisha yake yote akigonga mashine ile.

Alipomwambia mama yake kuwa anakwenda kuigiza, akaambiwa basi humu ndani hutakaa. Akatoka. Wakakaa muda mrefu hawasemezani, mama na mwana, mji mmoja. Mwisho mama akaja kumwona jukwaani, akasikia watu wanavyomsifia binti yake, na moyo ukaanza kurudi.

Najua umeshasoma hapo na umeshafunga mkoba! Fungua kwanza. Cicely alipotoka kwao alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, ana mshahara na ana mtoto anayemtazama. Wewe una miaka 19 na wanaokuita ni vijana wenye simu. Sisemi usiigize. Nasema waulize vijana hao swali moja: katika kichekesho chenu, mimi ni nani? Maana nimeviangalia vichekesho hivi, wajukuu wananionesha. Msichana ni yule anayefumaniwa, au anayepigwa kofi watu wacheke, au anayepita tu na nguo ya kubana huku kamera ikimfuata nyuma. Mama yako pengine hana vita na uigizaji. Keshaviona hivyo vichekesho, basi.

Cicely alisema akisoma mchezo, ama mwili humsisimka, ama tumbo humchafuka, na hilo lilimtosha kuamua. Mwili ukisisimka anakubali hata kama pesa haipo. Tumbo likichafuka anarudisha karatasi. Kwa hiyo fanya hivi: waambie wakuandikie sehemu yako yote, neno kwa neno, si "njoo tu tutakuelekeza". Kisha mkalie mama wakati mzuri, baada ya laasiri akiwa na ukili wake mkononi, umsomee. Msomee kwa sauti, ucheze kila mtu humo. Kama unaona haya kumsomea, jibu umeshalipata bila kuniandikia mimi. Kama atacheka, au atakukatiza akwambie "hapo mtu hasemi hivyo", basi umepata mwalimu wa bure. Na radio nayo ipo. Mchezo wa redio hautaki sura wala mavazi, na akina mama wengi wanaoikhofu kamera hawaikhofu redio.

Kuhusu kuondoka nyumbani, sikushauri, na nisikusikie ukisema Bi Mkubwa ndiye aliyeniambia.

*Bi Mkubwa, kwa heshima zote, mimi naona unamkuza. Kwenye Roots alionekana mara chache tu. Na huko kukataa kataa kazi ni maringo ya mwenye shibe. Mbona baadaye alicheza mtumishi wa ndani kama wengine? Mzee wa baraza, Mfenesini.*

Bwana wangu, karibu barazani kwangu, tukae tuitoe moja moja.

Roots ilioneshwa Marekani Januari 1977, usiku nane mfululizo. Sisi tuliiona kwa kanda ya video, kwa jirani yetu Kikwajuni aliyekuwa na deki, sebule imejaa mpaka ukumbini, wanaume nje dirishani. Ni kweli Binta, huyo mama yake Kunta, yumo mwanzoni tu. Lakini mwanzo huo ndio unaobeba yote. Anajifungua, baba anamwinua mtoto juu mbinguni. Kunta anakua, anakwenda jandoni, anarudi hataki tena kubembelezwa na mama yake, na Binta inambidi ameze. Halafu kijana anakwenda msituni kutafuta gogo la kutengenezea ngoma, ndiyo basi. Kama yule mama angechezwa ovyo, sisi sebuleni tungelilia nini? Mtu mzima mmoja pale, kungwi wa mtaa, wakati wa uzazi alikuwa akitoa maelekezo kwa televisheni kama yuko chumbani kwa mzazi. Katika mchezo mzima watu hawakumjadili mwingine kama walivyomjadili Binta. Na huyo bibi mzee wa kijiji kando yake ni Maya Angelou, mshairi, ambaye yeye na Cicely walipanda jukwaa moja New York tangu mwaka 1961, katika mchezo mmoja na James Earl Jones.

Sasa hayo maringo. Shibe haikuwepo. Mwaka 1972 ilitoka filamu ya Sounder, ambayo Cicely ni mke wa mkulima masikini wa Louisiana. Filamu hiyo ilimfanya atajwe kuwania Oscar ya muigizaji bora wa kike. Mwaka huo huo Diana Ross naye alitajwa, ikawa mara ya kwanza wanawake wawili weusi kuwania tuzo hiyo pamoja. Akachukua Liza Minnelli. Mtu mwingine angesema milango imefunguka, niingie wote. Yeye, wakati akizunguka kuitangaza filamu, mwandishi mmoja mweupe akasimama akasema kilichomshangaza ni kumwona mtoto mweusi akimwita baba yake "baba", kama watoto wake yeye wanavyomwita. Cicely akaona kumbe ujinga wenyewe umefika huko. Akaamua kila atakachokicheza kiwe ni jibu kwa mtu yule. Na wakati ule, kazi nyingi walizokuwa wakiletewa wanawake weusi Hollywood zilikuwa za malaya na walevi. Akazirudisha. Kuna vipindi alikaa muda mrefu bila kazi, na kodi inadaiwa. Aliulipa uamuzi ule kwa mfuko wake mwenyewe, hakumlipisha mtu. Maringo gani hayo, bwana?

Na kuhusu mtumishi wa ndani, hapo umenifurahisha, maana umeangalia kwa makini. Ndiyo, alicheza Sipsey katika Fried Green Tomatoes mwaka 1991, na Constantine, yaya mzee, katika The Help mwaka 2011. Kamwe hakukataa kumcheza masikini wala mtumwa wala mfanyakazi; mama yake mwenyewe alipiga deki nyumba za watu, angemkana vipi? Alichokikataa ni mtu asiye na akili yake, aliyewekwa pale kama samani ili wengine waonekane. Mtazame Constantine. Dakika zake ni chache, lakini siku anayofukuzwa huwezi kumtoa macho.

Nimefundisha waigizaji kuvaa, bwana wangu, na nakwambia wako wanaovaa kanga ya mtumishi wakaonekana wameazima. Huyu hakuazima.

*Mume wake alikuwa Miles Davis mpiga tarumbeta? Tuhadithie. Kijiwe cha kahawa, Malindi.*

Naam, ndiye. Walijuana miaka ya 1960, na uso wa Cicely ndio uliowekwa kwenye jalada la albamu yake Sorcerer ya mwaka 1967. Wakaachana njia, Miles akaoa kwingine, akazama kwenye madawa. Cicely akamrudia, akamsaidia kusimama, wakaoana mwaka 1981. Ndoa ikafa kabla muongo haujaisha. Mengine aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Januari 2021. Kunyweni kahawa.

*Bi Mkubwa, mwalimu wetu alisema kuna filamu ambayo huyo muigizaji ana miaka 110. Aliishi kweli miaka 110? Mwanafunzi, Mkoani.*

Hapana mwanangu, aliishi miaka 96. Alifariki tarehe 28 Januari 2021, siku mbili baada ya kile kitabu chake kutoka. Mwalimu wako anaisema filamu ya televisheni ya mwaka 1974, The Autobiography of Miss Jane Pittman. Ni hadithi ya mwanamke aliyezaliwa utumwani, akaishi mpaka wakati weusi wa Marekani wanapigania haki zao. Cicely anamcheza tangu yungali mwanamke kijana mpaka yuko na miaka 110. Yeye mwenyewe alikuwa anakaribia 50.

Hapa uniachie nizungumze kidogo, maana hii ndiyo kazi yangu. Sisi tulipotaka kumzeesha mtu tulimpaka unga wa ngano nywele na masizi ya chungu chini ya macho. Taa zikipata moto, jasho linashuka, unga unageuka ugali kwenye paji la uso. Kijana wa miaka ishirini anaonekana kijana wa miaka ishirini aliyeanguka jikoni. Kwa Cicely, mafundi Rick Baker na Stan Winston walimtengenezea ngozi ya bandia, wakawa wanambandika kwa saa nyingi kabla kamera haijawashwa. Vipande vilivyoanza kwenye shingo, mikono, mpaka masikio. Lakini ngozi haitembei yenyewe. Alikwenda kwenye nyumba za kutunzia wazee, akakaa nao, akaangalia: mzee anakaaje kitini, neno linamtoka kwa kasi gani, jicho linakwenda wapi akiwa anakumbuka. Ukitaka kuona matunda yake, angalia mwisho. Bibi Jane anatembea peke yake na mkongojo wake kuelekea bomba la maji lililoandikwa la weupe tu, mbele ya mahakama, askari wamesimama. Anatembea. Filamu haikimbii, inamwacha atembee mpaka afike. Anainama, anakunywa, anageuka, anarudi.

Kwa kazi ile alipata tuzo mbili za Emmy, zile za televisheni, kwa mpigo. Ya tatu aliipata mwaka 1994.

Na kwa kuwa umeuliza umri: kwa miaka mingi dunia iliamini ni mdogo kwa miaka kama kumi kuliko alivyo, kwa sababu alipoanza alishauriwa aipunguze, maana nani angempa nafasi mwanamke wa thelathini anayeanza? Umri wake wa kweli ukajulikana sana alipopata tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani, kwa The Trip to Bountiful mwaka 2013, na miaka yake 88. Anacheza kikongwe anayetoroka kurudi kijijini kwao, na alipofika mahali pa kuimba wimbo wa kanisani watazamaji nao walikuwa wanaimba naye. Huku kwetu wangekwishapanda kumtunza. Wewe usimdanganye mwalimu umri wako, ya Cicely ni mengine.

*Bi Mkubwa, mimi ni mwalimu wa sekondari. Tuna projekta na ukumbi. Katika filamu zake ipi inafaa kuwaonesha wanafunzi wa kidato cha pili, wake kwa waume, bila wazazi kuja juu? Mwalimu, Chake Chake.*

Mwalimu, Sounder. Haina neno la aibu, haina nguo ya kutazamwa upande. Ni mwaka 1933, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, familia inalima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Njaa imebana. Baba, anayechezwa na Paul Winfield, anaiba nyama ili watoto wale, anakamatwa, anapelekwa kambi ya kazi ngumu. Mama anabaki na shamba, watoto na mbwa wao, huyo Sounder mwenyewe. Mtoto mkubwa anatumwa kwenda kumtafuta baba, na njiani anakutana na skuli yenye mwalimu mweusi. Wanafunzi wako wataelewa bila kutafsiriwa sana, kwa kuwa watu wake hawasemi mengi.

Mwongozaji alitaka kwanza Cicely acheze huyo mwalimu. Akakataa, akasema anamtaka Rebecca, mama. Walimwona mrembo mno kwa mke wa mkulima; ndiyo alivyong'ang'ania.

Kuna mahali nakuomba usisimamishe hata umeme ukikatika na jenereta ikibidi. Baba anarudi. Anaonekana mbali, barabara ya vumbi, anachechemea. Mama yuko nyumbani. Mbwa ndiye anayejua kwanza. Kisha mama anatambua, anaanza kukimbia, mikono imetandazwa, na anakimbia kama mtu aliyesahau kwamba ana mwili wa kuchoka. Hakuna maneno ya maana hapo, ni jina tu linaloitwa. Nimeona wacheza wengi wakipokea waume zao jukwaani, na wote huwa wanajua watazamaji wako upande gani. Huyu hajui kama kuna mtazamaji.

Ikiisha, waulize wavulana kwanza, kabla ya wasichana: baba kaiba, je mama afanye nini kesho asubuhi? Waache wabishane. Mwaka 2018, miaka 46 baada ya filamu hii, Oscar ilimpa Cicely tuzo ya heshima, na miaka miwili kabla ya hapo Rais Obama alimvisha nishani ya juu ya raia. Hayo watajie mwisho kabisa, wakishaiona filamu, na kama muda umekwisha uyaache. Na projekta ijaribuni siku moja kabla, Mwalimu, na mapazia ya ukumbi muyashone mazito; mwanga wa saa nane huko Chake nauelewa.